Amani Ilianza Siku ya Mnada

Katika vitabu ninavyofundishia darasa la saba, zama tunazoishi zina jina lake: Ukombozi. Zinaanza, kwa mujibu wa kitabu, siku serikali hii ilipoapishwa kule Kampala, na swali lake halikosi kwenye mtihani. Wanafunzi wangu hulijibu vizuri. Kisha wanarudi nyumbani kwao hapa Mella, mpakani na Kenya, na huko hakuna mtu mzima anayelitumia neno hilo. Kwetu tunasema Amani. Kabla ya Amani ilikuwa Fujo.

Kampala ilipokombolewa, sisi Fujo yetu ndiyo kwanza ilikuwa inaiva. Waasi walikuja kutafuta chakula, askari wakaja kuwatafuta waasi, na wezi wa ng'ombe wakaja nyuma yao wote. Kiswahili mimi nilikijua kwanza kwa kuamriwa nilale kifudifudi. Mpaka leo mtu akinitakia "lala salama", mgongo unanikaza kabla sijalifikia neno la pili. Redio ilikuwa ikitangaza Ukombozi, nasi tuko ndani ya matete ya mto Malaba, mama amemziba mdogo wangu mdomo asilie.

Muulize mzee yeyote wa huku Fujo iliisha lini, atakwambia: siku ya mnada. Mnada wa ng'ombe ulikuwa umefungwa miaka mingi. Siku ulipofunguliwa, watu waliswaga ng'ombe wao mchana kweupe, kwenye barabara, na jioni wakarudi wazima. Basi. Haina bendera wala gwaride, lakini kila mtu anaihesabu. Nyumba hii ilijengwa kabla ya Amani. Yule binti ni mtoto wa Amani, maana yake analia akikosa chumvi. Ni tusi dogo, nami nimewahi kuwatukana nalo wanafunzi wangu.

Na neno hilo lina sheria ndani yake. Ukoo wetu ulikaa jioni ile ile ya mnada ukaamua: ya Fujo hayadaiwi. Sufuria yako ukiiona jikoni kwa jirani, pita. Mlango wako ukiuona kwenye nyumba ya shemeji yako, bisha hodi uingie. Hata damu. Aliyemuua mwenzake wakati wa Fujo haulizwi, kwa sababu kila boma lilikuwa na kitu cha boma lingine, na tungeanza kudaiana asingebaki mtu wa kukaa kwenye kiti cha hakimu. Lakini aliyeua ndani ya Amani atalipa, na malipo ya damu kwetu ni shamba.

Nimeieleza sheria hii kirefu kwa sababu kuna mtu mmoja ambaye ukoo mzima ulimhesabu kati ya wafu wa Fujo. Mimi nilijua sivyo. Nilikaa na jambo hilo tangu utoto, na siku nilipolitoa nilidhani natenda haki.

Alikuwa ndugu wa baba kiukoo, na shamba lake lilipakana na letu kwenye mstari wa mikonge. Siku ya mnada baba alirudi na maksai mwekundu mwenye sikio lililochanika, na mimi nikaletewa gauni. Kesho yake asubuhi nilivaa hilo gauni nikampelekea baba uji shambani. Nilikuwa na miaka minane. Nilimkuta yule jirani amesimama mbele ya maksai, kisha akamwita kwa jina. Ng'ombe akageuza kichwa.

"Huyu ni ng'ombe yangu," akasema.

"Nimenunua yeye mnadani. Watu waliona."

"Walichukua yeye kwangu wakati ya Fujo. Rudisha."

"Ya Fujo hayadaiwi," baba akajibu, na kwa haki ya Mungu alikuwa sahihi. Jirani aliinama akaanza kulegeza kamba.

Baba alikuwa ameshika mti mzito wa nira, alikuwa anaurekebisha. Alimpiga nao kisogoni. Jirani akaanguka kwa magoti, baba akampiga tena, jirani akalala. Halafu, na hapa ndipo ninapomchukia baba mpaka leo, akapumzika kidogo, akavuta pumzi, akampiga mara ya tatu. Mguu mmoja wa yule mtu uliendelea kuparura udongo. Baba alipogeuka aliniona na uji wangu.

"Nenda nyumbani," akaniambia. "Wewe hujaona."

Mchana walimkuta ndani ya matete. Watu walitikisa vichwa, wakasema kuna waasi wachache waliobaki, maskini, Fujo imemmalizia mlangoni. Tulimzika. Mkewe alikuwa ametoka kwa Wasamia wa Lunyo, lugha yetu ya Kiteso haikumnyookea hata baadaye, na sisi sote tuliongea naye Kiswahili. Alisimama kaburini na mtoto wa kiume mgongoni, mchanga, hata shingo haijakaza. Alililia Fujo kama walivyolia wengine.

Yule maksai alilima kwetu miaka tisa. Alilimia watu wengine kwa ujira, na ujira huo ndio ulionisomesha mimi hadi chuo cha ualimu. Sijui niseme nini zaidi kuhusu hilo. Nilikula, nikashiba.

Tuje sasa. Niliolewa ng'ambo, upande wa Kenya, ndoa ikavunjika, nikarudi nyumbani. Mwanamke aliyerudi kwao huwa mgeni asiye na siku ya kuondoka, na kaka zangu wawili hawakuacha nisahau. Baba, ambaye sasa alikuwa mzee wa kutembelea fimbo, alinipa kipande cha ardhi kando ya ile mikonge. Kila asubuhi kabla ya shule nilipalilia nikitazamana na mjane ng'ambo ya mstari. Tulisalimiana vizuri. Aliniita mwalimu, nami nilimwita mama.

Mwanawe alikuwa amekuwa mwanaume mrefu, mpole, mchomaji matofali. Baba zake wadogo walikuwa wamelimega shamba la marehemu kidogo kidogo wakati yeye bado anatambaa, wakamwachia ukanda ambao ukimfunga mbuzi katikati anakula pande zote mbili. Alitaka kujenga na kuoa. Mvua za Machi zilizopita akavuta jembe lake akapita mpaka, akang'oa mikonge mitatu.

Kaka zangu walimkuta hapo. Mimi nilikuwa darasani. Nilipofika alikuwa ameketi juu ya udongo aliolima, mfupa wa mkono wa kushoto umechomoza nje ya ngozi, na mama yake anatafuta kitambaa. Kaka yangu mdogo alikuwa amesimama na mpini wa jembe anacheka. "Tumempa mpaka," alisema. "Akisahau, ataangalia mkono." Nilivua leso yangu tukaufunga ule mkono mimi na mjane. Kijana hakulia. Alikuwa akimtazama baba yangu, aliyekuwa ametoka nje na kuketi kivulini mwa ghala kusikiliza kelele zinahusu nini.

Ukoo ulikaa wiki ya tatu. Mimi nilikuwa katibu, si kwa heshima, bali kwa kuwa naandika upesi. Tuliongea Kiswahili cha soko ili mjane asikie kila neno. Kaka zangu walitozwa faini ya mbuzi wawili kwa mkono, na wote tukadhani tumemaliza. Ndipo kijana akasimama, mkono umening'inizwa shingoni kwa bendeji.

"Mimi sitaki mbuzi," akasema. "Nasikia toka nikiwa mdogo watu wananong'ona ati mzee huyu ndiye aliua baba yangu. Nataka jibu mbele ya ukoo."

Kama mnavyoona, kesi yote iliingia ndani ya swali moja. Mwenyekiti, mzee makini, hakuuliza nani aliua. Aliuliza lini.

"Mzee, yule ndugu alikufa Fujo ama Amani?"

"Fujo," akajibu baba.

"Mama, wewe unasema nini? Bwana yako alikufa Fujo ama Amani?"

Mjane aliangalia chini. "Fujo," akasema.

Niliandika Fujo mara mbili. Kaka yangu mdogo akacheka kwa pua, kicheko kile kile cha siku ya mkono, na hapo ndipo niliposhindwa. Ningependa kusema nilisukumwa na haki. Nilisukumwa na hasira. Kama asingecheka, pengine ningeandika mpaka mwisho.

"Amani," nikasema. Nilisimama. "Alikufa Amani. Ilikuwa kesho yake ya mnada. Mimi nilikuwa hapo na uji, nimevaa gauni ya mnada, na ng'ombe ambayo walikuwa wanagombania ilitoka mnadani. Baba alipiga yeye na mti wa nira."

Kaka mkubwa alinizaba kofi lililoruka na hereni yangu. Damu ilinitoka sikioni ikadondoka kwenye daftari. Wazee walimshika. Baba alisema kwa sauti ndogo, "Huyu alikuwa mtoto," lakini alisema akitazama mikono yake, na watu wote waliona anapotazama. Mficha uchi hazai, lakini yeye alikuwa ameuficha zaidi ya miaka thelathini, na alichoka mbele yetu pale pale. Hakubisha tena.

Mwenyekiti akatoa hukumu: kuanzia mikonge hadi njia ya kisimani, shamba liende kwa mjane na mwanawe. Lilikuwa shamba zuri. Kipande changu kilikuwa ndani yake, na sikujali. Nakumbuka nilifurahi. Nilimtazama mjane nikitaka anifurahie, naye alikuwa ameweka kiganja mdomoni, macho yamemtoka.

Kijana alinijia pale mezani. Aliongea nami kwa upole.

"Mwalimu, alipiga yeye mara ngapi?"

Nami, mpumbavu, nikamjibu kama ninavyojibu darasani. "Tatu."

Kulikuwa na panga kando ya mafiga, la kukatia nyama ya wageni. Alilichukua kwa mkono wake mzima. Baba aliona anakuja, akaanza kunyanyuka kwa fimbo, akaacha. La kwanza lilimpata begani. La pili shingoni. Mjane alikuwa anapiga kelele jina la mwanawe, wazee wanaangukiana, benchi limepinduka, na mimi nimesimama nahesabu, Mungu anisamehe, nikiwa na hakika kwamba hatazidisha. Hakuzidisha. La tatu lilipotua aliliangusha panga akakimbia kuelekea mtoni.

Baba alikata roho kabla gari halijafika hospitali ya Tororo. Kichwa chake kilikuwa mapajani mwangu.

Kaka zangu hawakungoja mazishi. Walivuka mto alasiri ile ile. Walimwona kijana sokoni upande wa Kenya, anakunywa maji bombani, mkono wake umelowa. Yaliyofuata nayajua kwa sababu kaka mkubwa alinisimulia mwenyewe, ananawa kwenye beseni nililomwekea. Wangesema huyu ameua, watu wangeuliza ameua nani, wapi, polisi wangeitwa. Basi walisimama mbali, mmoja huku na mwingine kule, wakapiga ukelele: "Mwizi! Mwizi ya ng'ombe!" Hawakuhitaji zaidi ya hapo. Wauza nyanya, waendesha bodaboda, watu wasiomjua hata jina, walimwangukia kwa mawe na vipande vya mbao. Mkono uliovunjika ulivunjika tena. Mwishowe mtu akaleta tairi.

"Sisi hatukugusa yeye," kaka aliniambia, na aliinua vidole vyake vyenye maji nivione. "Hata kidole."

Mwili wa kijana ulihifadhiwa chumba cha maiti cha Busia, ng'ambo. Mjane hakuwa na mtu wa kwenda naye, kwa hiyo nilikwenda mimi. Nilijua si haki niwe mimi, naye alijua, lakini mimi ndiye niliyeweza kujaza fomu. Tulikaa kwenye benchi la nje tangu asubuhi tukingoja kuitwa. Mimi nilianza kusema samahani, nikasema mara mbili tatu, akanikatiza.

"Wewe unafikiri sikujua? Hiyo ng'ombe ilizaliwa kwangu. Mama yake mimi ndiyo nilikuwa nakamua. Niliona inalima kwenu, siku ya kwanza tu, na bwana yangu bado hajaoza. Nikajua yote."

"Sasa kwa nini ulisema Fujo, mama?"

"Nilikuwa na mtoto wa kiume mgongoni," akasema. "Mtoto ambaye baba yake alikufa Fujo anakua, anaoa, anachoma matofali yake. Ambaye baba yake alikufa Amani lazima ashike panga siku moja. Mimi nilichagua akue. Miaka yote hiyo nilipika uongo huo nikamlisha, akanenepa." Alijifunga kanga upya, akaikaza. "Kumbe wewe ulikuwa unangoja."

Sikuwa nikingoja chochote. Mimi, msomi, nilijifunza sheria ya Amani kama somo la uraia: kosa, ushahidi, malipo. Yeye alikuwa ameishi nayo, anajua inakokwenda. Waliotunga ile sheria ya kutodai walikuwa watu waliochoka kuzika, nami nikaisahihisha kama daftari la mwanafunzi.

Ukoo ulikaa tena mwezi uliofuata. Kwanza walitazama habari ya shamba. Kwa kuwa mjane sasa hakuwa na mwana wa kulirithi, na kwa kuwa damu ilikuwa imelipwa kwa damu, waliona heri lirudi kwetu, na kaka zangu wakalilima wiki ile ile. Kisha likaja jambo la kijana: nani alimuua, na ana deni gani.

Hapo wazee wakaonyesha ufundi wao. Mmoja alikumbusha kwamba ng'ambo hawaihesabu Amani. Ni kweli, shemeji zangu wa kule husema kabla ya ugatuzi na baada ya ugatuzi, wakimaanisha tangu kaunti zilipopewa serikali zao, na barabara, zahanati, hata talaka yangu, kwao yote ni mambo ya ugatuzi. Tulizoea kuwatania kwa hilo. Sasa mzee yule alilisema bila utani wowote. Kijana alikufa ndani ya nchi ya watu, mikononi mwa watu wa nchi hiyo, katika zama zao. Si Fujo yetu, si Amani yetu. Hatuna pa kumwandika.

Watu wakaguna kukubali. Niliwaona wanavyopumua. Ulikuwa mlango mzuri, na kila mtu alitaka kupita.

"Kuna mtu ana neno kabla hatujafunga?" mwenyekiti akauliza.

Hakuna aliyemtazama mwenyekiti. Walinitazama mimi. Kaka mkubwa alikuwa amekaa mbele yangu, magoti yake karibu yaguse meza, na nyuma yake mkewe na watoto wao wanne, mkubwa wao mvulana wa miaka kumi na tano ambaye tayari ana mikono mipana ya baba. Nilijua nani alipiga ukelele. Nilijua alisimama upande gani wa bomba. Mjane alikuwa kwenye mkeka, peke yake, ameinua uso, ananitazama kama mtu anayemngoja mwenzake amalizie kusema.

Niliandika: Alifia ng'ambo. Nikapiga mstari chini.

Watu walitawanyika upesi kuliko kawaida. Mjane alichelewa kunyanyuka, magoti yake mabaya. Alipofika mezani kwangu alisimama akalitazama daftari, ingawa hajui kusoma.

"Wakati nilikuwa na mtoto, wewe ulisema," akaniambia. "Saa hii sina mtoto, unanyamaza."

Nilivuta benchi pembeni ili apite.